Baiskeli ya Mguu Mmoja

Jamani ee, mafundi wa njia panda, sogeeni! Wewe mwenye pampu, iweke chini, huyo mteja hatakufa kwa kukosa upepo. Na wewe uliyekaa juu ya tairi la lori kama mwenyekiti wa kitongoji, mpishe mzee mwenzangu. Mnaorekodi kwa simu washeni, maana mimi na kalamu hatukuwahi kuelewana. Nikiishika natafuta nati yake iko wapi. Mmeniita mniage, mmenipikia pilau, asanteni, Mungu awazidishie. Mmenipa na kiti. Kwenye kiti ndipo mlipokosea. Mimi nitasimama, nitatembeatembea, anayetaka kunisikiliza anifuate kwa shingo.

Nimestaafu, ndiyo. Goti ndilo lililonistaafisha. Daktari kule Lindi kaniambia, "Mzee, acha kuchuchumaa." Nikamwambia, "Daktari, cheni zote duniani ziko chini, mimi nitazifuata kwa kamba?" Mke wangu Zainabu akadakia, "Usizifuate kabisa! Kaa!"

Basi nakaa. Inapita baiskeli nje, naisikia cheni inalia kavu, nainuka. Zainabu: "Kaa." Nakaa. Inapita nyingine, pedali imelegea, tak, tak, tak, nainuka. "Kaa, baba Rehema!" Jana nimeinuka na kukaa mpaka jirani katuma mtu kuuliza kama nyumbani kuna chungu wekundu. Ndiyo maisha ya mstaafu hayo. Kwa hiyo leo nikiongea sana mnivumilie, hapa angalau Zainabu ataona haya kuniambia kaa mbele za watu.

Mimi nimeshuka kutoka Rondo, mtoto wa wakulima wa korosho. Kwetu waliniita Hatulii kabla sijaota meno ya mbele. Shule walinikalisha dawatini nikatoka dirishani, tena lile dirisha halikuwepo, nililitengeneza njiani. Shambani nikipewa mstari wa kupalilia, nafika nusu, nakwenda kwanza kuangalia mwisho wake unafananaje. Marehemu baba akachoka. Akanileta Lindi mjini, Rasbura, kwa fundi baiskeli aitwaye Mzee Nambunga, akasema, "Chukua huyu. Ukimrudisha, mrudishe akiwa amechoka."

Karakana ya Mzee Nambunga ilikuwa uani kwake, bati moja limechoka juu, jiko la mkewe pembeni. Kibao hakuwa nacho. Ukitaka kumpata unafuata kelele za Bi Fatu, mkewe, kwa sababu karai la kutafutia pancha ndilo lilelile la kuoshea samaki. Mzee anazamisha tyubu, anaangalia mapovu, na magamba ya changu yanaelea.

"Nambunga! Mchuzi una ladha ya solusheni!"

"Ndiyo maana umeshika vizuri tumboni, mke wangu."

Siku yangu ya kwanza nikapewa kopo la gololi. Niketi, nichambue ndogo zikae na ndogo, kubwa na kubwa, zilizopasuka nitupe. Niketi! Nikachambua kidogo, nikainuka kuangalia dinamo. Nikarudi, nikachambua, nikainuka kuangalia kuku. Kurudi kwangu nikapiga kopo teke. Wallahi zile gololi zilitawanyika Rasbura nzima. Nasikia mpaka leo mtu akichimba msingi wa nyumba kule anatoa gololi. Mzee Nambunga hakunipiga. Alichukua kengele ya baiskeli akanifunga kiunoni, ili nikiinuka tu ilie na yeye ajue. Siku hiyo nilitumwa dukani chumvi, watu wote wakanipisha njia.

Sasa sikilizeni mafundi, haya hamtayapata kwenye hizo video zenu. Yule mzee gololi alikuwa anazipima mdomoni. Anaiweka chini ya ulimi, anaizungusha. Yenye ufa unaisikia inakwaruza hata kama jicho halioni. Nimepima hivyo maisha yangu yote. Nimemeza nyingi, na tumbo langu mpaka leo linazunguka vizuri. Halafu habu, kile kitovu cha gurudumu: kaza mpaka mwisho, kisha rudisha kidogo, iache ipumue. Ukiikaza ikafa, mteja atakupita asubuhi anakuamkia na jioni anarudi na polisi. Na solusheni! Hapo ndipo nilipoteseka. Unapaka, unangoja ikauke mpaka isishike kidole, ndipo unaweka kiraka. Unangoja! Mimi nikawa nabandika ikiwa mbichi, na kila kiraka changu kinafumuka kabla mteja hajafika sokoni. Mzee akaniambia, "Ukipaka, nenda mpaka kwenye kile kisima, zunguka, rudi. Ikiwa bado mbichi, nenda tena." Ndiyo dawa aliyonipata nayo. Yeye mwenyewe alikuwa mtulivu kama gogo, lakini alijua mtu asiyetulia unamfundisha akiwa anatembea. Kile kisima nimekizunguka mpaka kina njia yake.

Nilipoiva nikaja hapa Mingoyo, nikafunga banda langu. Enzi hizo mkulima wa korosho bila baiskeli ni kama hana mabega. Wanashuka kutoka mashambani wamepakia magunia, mwenyewe humwoni, unaona gunia linapiga pedali. Kazi yangu kubwa ikawa kuzitia nguvu hizo baiskeli. Gurudumu la nyuma natoa spoki zake, natia za pikipiki. Fremu naiongezea bomba la pili. Keria nasuka kwa nondo. Kuna moja niliifunga nondo nyingi hadi mafundi ujenzi wakaja kuniuliza ghorofa ngapi. Ukiiegemeza ukutani, ukuta unaomba radhi.

Halafu bodaboda zikaingia, vijana wakaanza kuona baiskeli ni kitu cha wajomba. Sikuhama. Nimewafundisha baadhi yenu hapa kuziba pancha za pikipiki, ni tairi vilevile, tofauti ni kwamba mwenye pikipiki ana haraka zaidi na hana pa kuelekea.

Lakini leo nataka niwasimulie kazi moja tu iliyonikosesha usingizi. Zainabu yupo pale nyuma, ataapa. Ilikuwa kazi ya mtani wangu, Chinduli.

Chinduli ni mkulima wa huko juu, kijiji kiko baada ya kile kilima mnachokiona. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani toka kwa mababu. Tunatukanana hadharani, na kwenye msiba mmoja anaweza kulala kwenye njia ya kaburini mpaka apewe kuku. Mguu wake wa kushoto haupo, umeishia juu ya goti. Yeye anasema ulichukuliwa na mamba. Siku nyingine anasema simba. Ukweli ni kidonda tu, lakini mimi nani hata nimlaumu mtu kwa kukuza habari?

Akaja hapa na gongo lake la kutembelea, mchana, jua kali.

"Fundi, nataka baiskeli."

"Ya nani?"

"Yangu."

Macho yakanishuka yenyewe.

"Usiangalie chini! Niangalie usoni. Wateja wako wengine unawakagua miguu?"

"Wengine wanayo yote, mtani."

"Mimi mguu ndio umepungua, akili ipo kamili. Ninyi ukoo wenu mna miguu miwili na akili nusu, na bado mnapanda."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Akaketi pale kwenye ngoma tupu ya kukunjia kamba, akanieleza.

Alikuwa na mpwa wake, Somoe, mtoto wa dada yake. Dada alifariki Somoe akiwa mdogo, Chinduli ndiye aliyemlea, kamsomesha, kamnunulia cherehani. Sasa Somoe anaolewa hapahapa Mingoyo. Na kwa ukoo ule bibi harusi hafikishwi kwa mume na baba wala na gari. Anafikishwa na mjomba, kaka wa mama. Zamani alimbeba mgongoni. Zilipokuja baiskeli wazee wakakaa kikao, wakabishana mpaka ubwabwa ukapoa, wakaamua: baiskeli ruksa, alimradi mjomba mwenyewe ndiye ameshika usukani na mpwa wake yuko nyuma. Juzijuzi wakaruhusu na pikipiki kwa sharti hilohilo. Anayemfikisha ndiye mjomba wake moja kwa moja. Mpwa akizaa, mjomba huyo ndiye anayetoa jina. Akigombana na mumewe, yeye ndiye anayekalia mkeka wa shauri. Wajomba wengine wanabaki kusalimiwa tu.

"Na wazee wamesema nini?" nikamuuliza.

"Wamesema Hamisi atamfikisha."

Hamisi ni mdogo wake. Ana miguu yote miwili na pikipiki nyekundu. Siyo mtu mbaya. Ila wakati Somoe anaugua surua, Hamisi alikuwa wapi? Alikuwa Kilwa anauza nguo za mitumba, salamu alituma kwa basi.

"Nimewaambia nitamleta mwenyewe," Chinduli akasema. "Wamecheka. Wakaniambia, haya, ukitokea siku hiyo umeshika usukani na mwali yupo nyuma, ni wako. Usipoweza, Hamisi yupo tayari na mafuta kajaza. Mtani, nimemlea mimi. Nikibaki nyumbani siku hiyo na gongo langu, nitakuwa nani kwake?"

Nikasema kazi rahisi. Mdomo huu!

Fikirini wenyewe kama mafundi. Mguu mmoja unasukuma pedali chini. Imefika chini. Halafu? Nani anairudisha juu? Nikamkatia mkanda wa tyubu ya lori, nikaufunga kwenye pedali, mguu ukashikwa kabisa, akisukuma chini sawa, akivuta juu sawa. Akaenda urefu wa kanga, akaanguka. Pedali ikifika pale juu kabisa inasita, na akisita analala. Upande wa kushoto, pedali isiyo na mtu, nikaning'iniza pande la chuma la lori lisaidie uzito. Ikawa afadhali, lakini bado inasita.

Usiku silali. Naona pedali darini. Zainabu anageuka ananiambia, "Umelala na spoki mfukoni, zinanichoma." Asubuhi naamka kabla ya adhana, natembea mpaka njia panda, narudi. Nazunguka nyumba kama nangoja solusheni ikauke. Chinduli naye kila siku yuko bandani, anaanguka, anainuka, anatukana ukoo wangu mmoja mmoja kwa jina, anapanda tena. Watu wakawa wanaleta na karanga za kula wakiangalia.

Halafu siku moja akaja Somoe, peke yake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja nikuombe kitu. Ukiona haiwezekani, niambie mimi mapema. Usimwambie yeye. Nitajifanya naumwa, harusi isogezwe. Sitaki aanguke mbele za wakwe wakamcheka."

"Na wewe unataka uletwe na nani?"

Akaniangalia kama nimemuuliza jua linatoka wapi. "Na mjomba wangu, fundi. Huyo mwingine nitampikia chai."

Akaondoka. Nikashindwa kusimama na nikashindwa kukaa, nikabaki katikati kama mtu aliyeona nyoka chooni. Na ndipo akili ikaja. Frii! Tatizo ni frii, ile gia ya nyuma. Mguu ukisita, frii inaliacha gurudumu liende zake na pedali inabaki imezubaa. Sasa je, nikiiua frii? Nikaichomoa, nikakimbia nayo kwa fundi wa kuchomelea, nikamwambia choma hapa, hapa na hapa, igande. Akasema, "Mzee, hii ikiganda gurudumu likizunguka na pedali lazima izunguke." Nikamwambia, "Ndiyo hasa! Gurudumu ndilo litampandisha mguu!"

Bwana wee! Chinduli alivyopanda jioni ile, tukamsukuma kidogo tu, gurudumu likachukua mguu, mguu ukachukua gurudumu, akaenda kwenye njia ya tambarare ya majaruba ya mpunga kama treni. Sijawahi kuona mtu mzima analia huku anatukana. "Ukoo wenu wajinga! Wajinga nyote! Isipokuwa wewe!" Akifika mwisho analegeza, baiskeli inapunguza yenyewe kwa mchanga, anashika mwembe, anasimama. Tukamfanyisha mazoezi mpaka ule mwembe ukabanduka gome. Somoe akapandishwa nyuma kwenye mto wa usufi, akakaa upande kistaarabu, akazungushwa. Kamili. Hamisi alikuja kuangalia, akaikagua baiskeli nzima mbele na nyuma kwa sababu alikuwa anatafuta kasoro. Hakuiona. Akanuna, akawasha pikipiki akaondoka.

Siku ya harusi ikafika. Alasiri, jua limelegea. Mimi kanzu nyeupe, mfukoni spana, mkononi pampu. Wanawake vigelegele. Chinduli kavaa kofia ya kutarizi, mguu umefungwa kwenye pedali na mkanda mpya. Somoe nyuma, kajifunika kanga juu ya gauni, viatu vya dhahabu vyenye soli nene namna hii. Nyuma yao Hamisi na pikipiki yake, taratibu, anangoja mtu aanguke. Mimi nakimbia pembeni. Hakuna aliyeniambia nikimbie, nani angeniweza?

Tukapanda kile kilima. Chinduli anasukuma, anavuta, jasho linamwagika, nikasaidia kusukuma keria kidogo. Hamisi akapiga kelele, "Usimsaidie!" Nikaacha. Akaenda mwenyewe, hatua kwa hatua, mishipa ya shingo imesimama, mpaka juu kabisa. Watu wakashangilia. Chini kule tunaiona Mingoyo, tunaiona nyumba ya wakwe, turubai la bluu, ngoma inalia, na mbele ya nyumba ile njia inaendelea kushuka mpaka barabara ya lami yenye malori.

Kushuka.

Mafundi, sisi watu wa huku tunasimamishaje baiskeli? Si kwa kandambili? Mguu unaachia pedali, unakanyaga tairi, kwisha. Breki zenyewe watu wanazileta hapa wanasema, "Fundi, ng'oa, zinakula tairi." Mimi nina debe la breki nilizong'oa tangu ujana. Sasa mguu wa Chinduli wa kukanyagia tairi uko wapi? Mmoja haupo, na mwingine nimeufunga mimi kwa mkanda wa lori! Na kule kwenye majaruba ni tambarare, mchanga na mwembe. Hakuna hata mmoja aliyewaza. Si mimi, si yeye, si wazee, hata Hamisi aliyekuwa anatafuta kasoro kwa macho mawili.

"Mtani! Usishuke!" nikapiga kelele.

Akageuza shingo. "Nini?"

Ameshashuka.

Mwanzo pole pole. Halafu siyo pole pole. Gurudumu likashika kasi, na pedali ikashika kasi ileile, na mguu wa mtani wangu ukaanza kuzunguka mpaka huuoni, unaona ukungu tu.

"Mtani, punguza!"

"Sipigi pedali mimi! Pedali ndiyo inanipiga!"

Nikakimbia. Goti hili hapa, lilianza kuharibika siku ile, daktari hajui tu. Spana ikaruka, pampu nikaitupa, kanzu nikaikunja mpaka kiunoni. Hamisi akatia gia, anamfuata, lakini njia ina mashimo, pikipiki inacheza ngoma, hampati. Somoe kanga imepepea, kamkumbatia mjomba wake kiunoni. Halii. Nasikia tu anasema, "Mjomba, shika usukani tu. Shika usukani."

Sasa kule kwa wakwe. Mnajua desturi: mjomba akifika hasimami hivihivi. Anajivuta, anajifanya anataka kupita, wakwe wanamzuia kwa zawadi, anakataa kidogo, wanaongeza, ndipo anashuka. Msemaji wao, Mzee Kaisi, baba mkubwa wa bwana harusi, kasimama katikati ya njia na jogoo mkononi, anatabasamu, maneno yake kayapanga.

"Karibu, mjomba! Huyu jogoo..."

Fyuuu! Ikabidi aruke. Jogoo akabaki na manyoya machache.

"Kakataa!" Mzee Kaisi akasema, kashangaa. "Jogoo kamkataa! Leteni doti ya kanga!"

Watu wakatoka mbio na kanga, wanamfuata kwenye mteremko. "Mjomba, jogoo na kanga! Jogoo na kanga!"

Chinduli haangalii nyuma. Angeangaliaje?

"Huyu mgumu!" Mzee Kaisi anahema. "Ongezeni godoro!"

"Jogoo, kanga na godoro!"

"Bado haridhiki! Huyo mwali kalelewa kwa gharama! Leteni mbuzi!"

Na mimi nakimbia katikati yao napiga kelele, "Hana breki! Hana breki!" Wanaona namtetea tu, mtani wake. Mtu mmoja akaniambia, "Fundi, mwambie basi apunguze, tumefilisika!" Nyuma yangu naona Mzee Kaisi kamnyanyua beberu mzima mzima kifuani, anakimbia naye, na beberu anapiga kelele kuliko wanawake.

Na mbele lami. Na kwenye lami lori linatoka upande wa Mtwara, limejaa, linapiga honi.

Nikasimama. Mimi, Hatulii, nikasimama. Mara moja tu katika maisha yangu nimetulia, na ni pale. Nikasema, ya Rabi, chukua baiskeli zote nilizotengeneza, niachie hawa wawili.

Ndipo nikaona Somoe anainama. Kakaa upande, kamshika mjomba kwa mkono mmoja, akapandisha gauni kidogo, akauchukua mguu wake na kile kiatu cha dhahabu, akaupenyeza nyuma pale kwenye tairi, chini ya madigadi. Akakanyaga. Si mtoto wa huku huyu? Kanyaga! Moshi ukatoka, harufu ya mpira mpaka nilipo. Akakanyaga tena, meno kayauma. Mguu wa Chinduli ukaanza kuonekana, ukawa mguu tena, ukazunguka pole, pole, ukasimama. Tairi la mbele lilikuwa limeshalamba lami. Lori likapita, vumbi lake likawafunika, na kofia ya Chinduli ikaenda nalo mpaka leo.

Nikafika nachechemea, nikaanza kufungua mkanda. Mguu wake unatetemeka kama cherehani. Somoe kashuka, kasimama pembeni yake, kamshika bega, kiatu kimoja kina soli na kingine kina shimo linalotoa moshi. Wakwe wanafika mmoja mmoja, huyu na kanga, huyu na godoro kichwani, Mzee Kaisi na beberu.

"Mjomba," anahema, "umeridhika?"

Kabla hajajibu, Hamisi akafika, akazima pikipiki.

"Wazee, mimi sisemi kwa ubaya. Lakini hajamfikisha. Nyumba ile pale, kaipita! Na aliyesimamisha baiskeli siyo yeye, ni bibi harusi mwenyewe. Sasa mjomba hapo ni nani? Desturi ni desturi."

Wazee wa ukoo wakaanza kuangaliana. Nikamwona Chinduli anainamisha kichwa, anatafuta gongo lake kwa mkono, na gongo lilibaki juu kilimani. Somoe akasema, "Kanileta yeye. Alishika usukani mpaka mwisho." Mzee mmoja akasema, "Kweli alishika." Mwingine akasema, "Lakini kapitiliza." Nikaona inaanza ile ya ubwabwa kupoa.

Ndipo akafika bibi yake bwana harusi, Bi Mwanaidi, wa mwisho kabisa, na mkongojo, watu wakampisha. Akaiangalia lami. Akaangalia tairi. Akamwangalia Chinduli alivyolowa jasho, na mguu ule mmoja unavyotetemeka. Akamwambia Hamisi, "Wewe, nyumba imehama? Si ipo palepale? Mjomba aliyepungukiwa nguvu anaishia njiani. Huyu zimemzidi. Mpeni mbuzi wake."

Halafu akamwinamia Somoe, akakinyanyua kile kiatu kilichoungua, akakinusa, akageukia umati wote, akapaza sauti:

"Wenzetu wanaletewa mke na masufuria, sisi tumeletewa na breki!"